Tambara Lililobaki Bombani

Arvo Niskala hakuwa na shahada. Hakuwa na leseni ya ufundi wa magari, hakuwa na ofisi, wala karani wa kumpigia chapa ripoti zake, na tangu alipoacha kiwanda cha karatasi hakuwa na ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Nywele za kumpelekea kinyozi hakuwa nazo. Hakuwa na rafiki wa kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu waliowahi kujaribu walikwisha kuchoka. Alichokuwa nacho ni cheti kimoja cha ukadiriaji wa magari, alichokisomea miaka minne katika madarasa ya jioni, na alikuwa na jina. Mjini Thunder Bay, kampuni za bima zilipotaka kujua gari lililogongwa lilikuwa na thamani gani, na lilikuwa na ugonjwa gani kabla ya kugongwa, zilimpigia simu yeye.

Alhamisi moja ya mwisho wa Januari alipigiwa na Gordon Haslam, afisa wa madai.

"Arvo, nina kazi nyepesi. Gari la Kijapani, la bluu, lile lenye turbo wanalolipenda vijana. Lilikuwa linaingia njia kuu, likagongwa nyuma na lori. Dereva ni msichana. Mtu wa lori anasema alichomoka mbele yake kama risasi, halafu akafunga breki. Mashindano ya barabarani hayo, na bima hailipi mashindano."

"Msichana anasemaje?"

"Anasema gari liliishiwa nguvu lenyewe. Wote husema hivyo. Anaitwa Moonias," Haslam aliongeza, akalitamka jina hilo la wenyeji wa asili kana kwamba nalo lilikuwa sehemu ya ushahidi.

"Mimi napima magari," Arvo alisema. "Majina sipimi."

Aliikata simu akiwa ameridhika na jibu lake, akamsimulia mkewe Irja mara mbili.

Darlene Moonias alikuwa amesimama nje ya kibanda cha yadi ya magari mabovu, amevaa kola ngumu ya hospitali shingoni, akibishana na mlinzi kwa kugeuza mwili mzima kila alipotaka kugeuza uso. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulea wazee.

"Wewe ndiye mtu wa bima?" alimuuliza Arvo.

"Mimi ni mkadiriaji. Bima hunilipa, lakini cha kuandika huambiwa na gari."

"Basi liambie lifanye haraka. Huyu bwana hanipi viatu vyangu vya kazi mpaka nilipie siku ambazo gari limelala hapa. Wiki nzima nawaogesha wazee nimevaa viatu vya dada yangu. Vinanibana mpaka nashindwa kucheka."

"Sheria ya yadi," mlinzi alisema. "Kilichomo garini ni mali ya gari."

"Na wewe ukilala humo utakuwa mali ya gari?" Darlene akamuuliza.

Arvo alimkazia mlinzi macho mpaka akaenda kuleta viatu.

Gari lilikuwa limeingizwa bandani theluji iyeyuke. Nyuma lilikuwa limekunjamana hadi kwenye viti. Mbele lilikuwa zima, lang'aa, kama mtu aliyevunjika miguu akiwa bado na tai shingoni. Arvo alizunguka akiandika. Matairi yalikuwa mapya na kutu ya chini kidogo tu. Bomba la moshi lilikuwa kubwa kuliko la kiwandani, na hilo lilipunguza bei. Kila mwenye gari hudhani alichokiongeza kimeongeza thamani, kumbe mnunuzi hujiuliza ni nini kingine kilichochezewa. Kabla ya ajali: dola elfu thelathini na moja na mia nne. Sasa hivi, kwa vipuri: elfu sita, kama injini ni nzima.

Alipofuta ukungu kwenye kona ya kioo cha mbele aliikuta stika ndogo ya oili. Gereji ya Niskala, tarehe sita Januari.

Ilikuwa gereji ya mwanawe, Risto. Jumamosi nyingi Arvo hupita pale kunywa kahawa, na mara mojamoja mikono humwasha akashika spana. Tarehe sita alikuta magari matatu ya bluu ya aina ile, yote yakiwa juu ya jeki bila magurudumu. Hakuweza kusema hili lilikuwa lipi.

Sheria ya chama cha wakadiriaji ni fupi: gari lililopita mikononi mwa ndugu yako huligusi, faili unalirudisha siku hiyohiyo. Arvo aliijua kwa moyo. Katika mikutano ya mwaka yeye ndiye aliyekuwa akiisoma kwa sauti mbele ya vijana. Lakini sasa alijiambia kwamba sheria ile iliandikwa kwa ajili ya watu dhaifu, wanaoweza kuipendelea damu yao. Akafungua boneti.

"Lilianza lini kuishiwa nguvu?" aliuliza.

"Tangu litoke gereji. Lilikuwa kama mtu mwenye mafua. Linapumua, lakini kwa taabu. Nikawapigia Jumanne, wakaniambia nilete Ijumaa. Ajali ikawa Jumatano."

"Hili bomba la moshi uliliweka wewe?"

"Nililinunua hivyohivyo. Linanguruma, wazee kazini wanajua nimefika kabla sijaingia. Kuna bibi wa miaka tisini na nne ananiita rubani." Alicheka, kisha akashika shingo. "Bwana wa bima alipoliona bomba hilo tu, akafunga daftari lake."

Chini ya kiti kulikuwa na kisanduku kinachokumbuka sekunde tano za mwisho kabla ya kugongwa. Arvo aliunganisha kompyuta yake ndogo, akavaa miwani, akasoma. Breki haikuguswa hata mara moja. Kanyagio la mafuta lilikuwa limekandamizwa mpaka chini kwa sekunde zote tano. Injini iliomba hewa, hewa haikuja, na mwendo ukashuka kutoka themanini na nne hadi arobaini na sita. Msichana hakuwa akicheza. Alikuwa akiliomba gari limwondoe mbele ya lori.

"Nimekufa?" Darlene aliuliza.

"Umesema kweli," Arvo alimjibu. Msichana akageukia ukuta, mwili mzima.

Ilibaki kujua kwa nini hewa haikuja. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: moja husukumwa na moshi unaotoka, nyingine huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Arvo alifungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akautikisa mhimili. Ulio mzima husogea unywele tu. Huu ulicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mapanga ya feni yalikuwa yamepinda. Akamulika tochi. Nyuma ya nati, zikiwa zimejisokota na kulowa oili, kulikuwa na nyuzi nyekundu.

Alizivuta kwa koleo ndogo, zikaja pamoja na kipande cha kitambaa chenye upindo. Kila gereji mjini hutumia matambara mekundu ya namna ile, ya kukodi kwa dobi. Ukifungua bomba la hewa, unaziba mdomo wake kwa tambara ili nati isitumbukie. Na mkia wa tambara unauacha nje, mrefu, uonekane. Hili lilisahauliwa ndani. Lilijikunja kwenye kichumba cha kando cha bomba, likakaa siku kumi na moja likiiziba pumzi, mpaka siku gari lilipovuta hewa kwa nguvu zake zote.

"Ni nini hicho?" Darlene aliuliza.

"Uzi."

"Uzi wa nini?"

"Bado sijui," Arvo alisema, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

Risto hakuwa ameonekana sauna, kile chumba cha kuogea mvuke nyumbani kwa wazazi wake, Jumamosi iliyotangulia. Kwa Wafini wa mji ule, kama akina Niskala, mtoto asiyekuja sauna ya Jumamosi ama anaumwa ama ana neno moyoni. Jumamosi hii Arvo alimpigia simu akamwamuru aje, naye akaja. Walikaa kwenye benchi la mbao, baba na mwana, wakimwagia mawe maji na kuvuta mvuke. Ndani ya sauna watu hawagombani, na Arvo hakuwahi kuivunja mila hiyo. Alingoja mpaka wamevaa, wamekaa mezani, na Irja amepakua supu ya samaki na viazi na kukata mkate mtamu wa iliki. Ndipo alipouweka ule mfuko kando ya bakuli la mwanawe.

"Kitambue hicho," alisema.

Risto alikitazama, akachukua chumvi.

"Miaka kumi nakufundisha. Mkia nje! Mkia nje! Hata mbwa hujua kuacha mkia nje. Leo mtoto wa watu amefungwa shingo kama ng'ombe wa kulima kwa sababu wewe una haraka ya kufunga gereji."

"Baba, kula kwanza. Supu inapoa."

"Usinipangie supu!"

"Arvo, sauti," Irja alisema.

"Nimekaa mbele ya yule msichana nikamdanganya. Mimi! Nikasema sijui ni uzi wa nini, ili nikufiche wewe, bwana mkubwa mwenye jina mlangoni. Jina langu hilo! Sema basi. Uliliweka ukalisahau."

Risto, mwanamume wa miaka thelathini na minne mwenye mabega mapana, alimtazama mama yake kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Mwambie," Irja alisema.

"Mama, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana kabla hajasema haya. Mwambie."

Risto aliweka kijiko chini. "Siku ile nilikuwa chini ya gari, namwaga oili. Ukaja na kahawa yako. Ukasema bomba la hewa nimelifunga kama mtu aliyevaa glavu. Ukalifungua wewe, ukalisafisha wewe, ukalifunga wewe. Mlango ulikuwa wazi, upepo unaleta theluji ndani, tambara likawa linapeperuka. Ukalisukuma lote ndani. Nilikuona, Baba. Nikasema moyoni, huyu atakumbuka, si ndiye aliyenifundisha."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie wewe?" Risto hakulisema kwa ubaya, aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. "Halafu nikasahau. Alhamisi mtu wa dobi akahesabu matambara: arobaini na tisa. Yapaswa kuwa hamsini. Msichana alikuwa ameshagongwa jana yake."

"Ukamwambia mama yako."

"Nilikuwa sijui nimwambie nani."

Arvo aliitazama mikono yake. Alitaka kukataa, na alikuwa na maneno ya kutosha ya kukatalia. Lakini upepo aliukumbuka. Alikumbuka unyevu wa lile tambara, na ile raha ndogo ya kumfundisha mtu mzima kazi yake. Akavuta bakuli, akala supu yake yote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ilikuwa imepoa.

Jumatatu asubuhi Haslam alipiga simu.

"Ripoti yangu iko wapi?"

"Hakuwa kwenye mashindano. Kisanduku kinasema hivyo."

"Visanduku husema mengi. Sikiliza, gari lina bomba kubwa la moshi au halina?"

"Linalo."

"Basi andika: gari lilikuwa limeongezewa nguvu. Sentensi moja. Sikuombi useme uongo, Arvo. Nitafunga faili leo, gari liende likapondwe, kila mtu arudi kwenye shughuli zake."

Arvo alikaa na simu mkononi baada ya kukatwa. Sentensi moja ya kweli, iliyotumwa kufanya kazi ya uongo. Akiiandika, turbo ile itapondwa pamoja na nyuzi zake. Cheti kitabaki ukutani. Bima ya gereji ya Risto, ambayo haitambui kazi ya mtu asiye na leseni, haitauliza chochote. Atakayekosa ni mmoja tu, naye alikwisha kuzoea kutosadikiwa. Jambo hilo la mwisho ndilo lililomkera. Aliona jinsi lilivyorahisisha hesabu.

Akachukua karatasi, akamwandikia Haslam barua ya ukweli wote mpaka adhuhuri, kisha akampa Irja aisome. Irja alisoma kurasa tatu amesimama karibu na dirisha, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Miaka yako thelathini ya kazi ipo. Madarasa ya jioni yapo. Uchungu wako upo. Msichana yuko wapi?"

"Ukurasa wa tatu."

"Mstari wa ngapi?"

Arvo alinyoosha mkono aichukue.

"Wa mwisho," Irja alisema, akamrudishia. "Wakifika huko watakuwa wameshakuonea huruma wewe. Yeye hawatakuwa na huruma ya kumgawia."

"Unataka nijiandike kama mwizi?"

"Nataka ujiandike kidogo."

Barua ya pili ilitosha ukurasa mmoja. Ilianza hivi: *Bi Darlene Moonias hakuwa akishindana na mtu. Hakukanyaga breki. Gari lake lilinyimwa hewa na tambara la gereji lililosahauliwa bombani.* Ilitaja thamani ya gari kabla ya ajali. Ilisema picha na kumbukumbu za kisanduku zimeambatishwa, na kwamba turbo isipondwe kabla mkadiriaji mwingine hajaiona. Kisha: *Tambara nililisahau mimi. Sina leseni ya ufundi. Gereji ni ya mwanangu, na kwa sababu hiyo nilipaswa kurudisha faili hili siku ya kwanza. Sikurudisha. Nakala naipeleka kwa chama changu.*

Risto alipita jioni, akaisoma, akaomba kalamu.

"Ya nini?"

"Niongeze kwamba nilimruhusu mtu asiye na leseni kufanya kazi kwangu."

"Watakufungia gereji."

"Labda. Jina mlangoni ni langu."

"Jina ni letu."

"Ndiyo maana naomba kalamu, Baba."

Arvo alimpa. Alimtazama akiandika, polepole, herufi kubwakubwa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakumwambia namna ya kushika kalamu.

Kesho yake, kabla ya kwenda posta, alipita kwenye nyumba ya wazee na nakala mkononi. Alikuwa amevaa tai. Njiani alitayarisha maneno, na ingawa asingekiri, alitayarisha pia sura ya kupokelea shukrani.

Darlene alimkuta mapokezini. Viatu vya kazi vilikuwa miguuni mwake. Alisoma akiwa ameinua karatasi mbele ya macho, kwa kuwa kola haikumruhusu kuinamisha kichwa. Alisoma mara mbili.

"Siku ile yadini ulijua," alisema.

"Nilijua ni tambara. Sikujua ni langu."

"Ulisema uzi. Nikakuuliza, ukasema hujui. Nimelala siku tano nikiwaza kwamba labda kuna kitu nilikifanya. Labda nilikanyaga vibaya." Sauti yake haikupanda, wazee wawili walikuwa wakicheza karata karibu. "Mzee, unajua nimejihoji mara ngapi?"

"Naomba unisamehe."

"Shingo bado inauma. Niulize ikipona." Alimrudishia karatasi. "Hii umeshaituma?"

"Bado. Nilitaka kwanza wewe..."

"Basi hapa mkononi kwako bado ni karatasi tu. Uliileta nikusifu?"

Arvo alilegeza tai.

"Itume, mzee," Darlene alisema, safari hii kwa upole kidogo. "Nina bibi ananisubiri kuoga."

Posta ilikuwa dirisha dogo mwishoni mwa duka la dawa, baada ya rafu za dawa za kikohozi. Mbele yake kulikuwa na watu wawili. Arvo alisimama katika mstari na bahasha iliyo wazi, akatoa barua, akaisoma tena. Alitafuta neno la kulainisha, akalipata. Lilikuwa neno zuri, lingekaa vizuri baada ya jina lake. Akaiacha barua ilivyo. Alikunja ukurasa mara mbili, akautia ndani pamoja na picha, akalamba gundi, akaipitishia kidole kilichokatika, kutoka kona moja hadi nyingine, mpaka ikashika.

"Ya kusainiwa na mpokeaji," alimwambia karani.

"Sawa. Unataka kuikatia bima? Kilichomo kina thamani gani?"

Miaka thelathini watu walikuwa wakimuuliza swali hilo, na hakuwahi kuhitaji muda.

"Elfu thelathini na moja na mia nne," alisema.

Karani aliinua macho. "Ni nini, vito?"

"Barua."

"Barua tunaikatia bima mwisho dola mia, mzee."

"Basi andika mia."

Karani aliandika, akabandika, akagonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye gunia la kijivu nyuma yake bila kugeuka kutazama, akamwita aliyefuata.